Njia za Magari Vilimani: Ongozeni Maji Kwanza, Jazeni Baadaye

Wakazi wengi wa Machakos wanazijua njia za udongo zinazopanda vilima vyetu. Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne na pikipiki huzitumia, mengine kwa kazi, mengine kwa burudani. Baada ya misimu michache ya mvua, njia hugeuka korongo. Madereva hulikwepa kwa kufungua njia mpya kando yake, na ardhi iliyoharibika huzidi kupanuka.

Hasara haiishii hapo. Udongo unaosombwa hushuka mashambani na mitoni. Mabwawa yetu ya mchanga huhifadhi maji katikati ya chembe kubwa za mchanga. Udongo laini ukijaa humo, bwawa huhifadhi maji machache na kuyateka huwa vigumu.

Chanzo cha korongo

Gurudumu hushindilia udongo na kuua nyasi, hivyo maji ya mvua hayapenyi ardhini. Hufuata alama za magurudumu, hupata kasi na kuchimba. Gari hufungua mlango, lakini mchimbaji ni maji. Kwa hiyo kikundi kinachojaza korongo kwa udongo bila kuyageuza maji, hupoteza kazi yake yote mvua kubwa ya kwanza inaponyesha.

Hatua za kufuata

1. Pateni ruhusa. Zungumzeni na mwenye ardhi. Ikiwa njia iko ndani ya msitu wa serikali, ombeni kibali kwa Huduma ya Misitu ya Kenya. Kubalianeni njia moja itakayobaki, nyingine zifungwe.

2. Yafuateni maji. Tembeeni njiani mara tu baada ya mvua, mkianzia juu. Wekeni alama kila mahali maji yanapoingia njiani.

3. Jengeni matuta ya kugeuza maji. Tuta livuke njia kwa mshazari, likielekeza maji upande wa chini. Liwe pana na lililoshindiliwa vizuri ili gari lipite bila kulibomoa. Njia inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 huhitaji tuta kila mita 25 hivi. Inayopanda mita 20, kila mita 14 hivi. Maji yatokee kwenye nyasi au mawe, si katika shamba la jirani.

4. Wekeni vizuizi vya mawe ndani ya korongo. Mawe ya msingi yachimbiwe chini na kwenye kingo. Katikati ya kizuizi iwe chini kuliko pande zake, la sivyo maji yatapita ubavuni na kula ukingo. Kimo cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kile kinachofuata juu yake. Udongo utajikusanya wenyewe nyuma ya mawe.

5. Fungeni njia za kando. Zilimeni kwa sururu ili udongo ulioshindiliwa ulegee, pandeni nyasi za kienyeji, kisha funikeni kwa matawi ya miiba. Pandeni mwanzoni mwa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huku kwetu hutegemewa zaidi.

Kazi haiishi siku moja

Kila baada ya mvua kubwa, watu wawili wapite na jembe kuzibua matokeo ya maji na kurudisha mawe yaliyoanguka. Madereva nao wasipite njia ikiwa imelowa.

Si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilijulikana kwa mmomonyoko mkubwa. Miaka iliyofuata, vikundi vya mwethya vilichimba matuta ya fanya juu shamba kwa shamba, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikarudi kuzalisha. Nguvu hiyo hiyo ya pamoja inaweza kuiokoa njia moja ya kilimani.

Maswali ya kujadili kikundini

• Maji huingilia wapi katika njia iliyo karibu nanyi?
• Mkiyageuza, yatatokea kwa nani?
• Nani atakagua matuta baada ya mvua?

Mkiwa na majibu, mwombeni afisa wa kilimo wa wadi yenu atembee nanyi njiani kabla hamjachimba.