Nguvu ya Atomu: Mbung'o wa Unguja na Mawe ya Minjingu

Wazee wa Masieda, kama wafugaji wote wa Mbulu, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza ubaya wa mbung'o. Lakini jinsi mdudu huyo alivyokomeshwa Unguja yafaa isimuliwe katika kila nyumba, maana wengi wetu tukisikia neno atomu twafikiri bomu tu.

Huko Tanga mbung'o walifugwa kwa wingi. Madume wakapigwa mionzi, si wafe, bali wasiweze kuzalisha. Kisha, tangu mwaka 1994, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Mwaka 1996 akaonekana mbung'o wa mwisho, na ng'ombe wa Unguja wakaokoka na nagana. (Tusijidanganye: huku bara hakuna bahari ya kumzuia mdudu asirudi.) Mionzi hutibu pia saratani katika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Upande wa pili twaujua. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya ile iliyoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Papa Fransisko, alipofika mji huo mwaka 2019, alifundisha kwamba hata kumiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili.

Nasi wa Manyara tusidhani mambo haya ni ya mbali. Fosfati ya Minjingu, wilayani Babati, iligunduliwa mwaka 1956 na watu waliokuwa wakitafuta urani kwa ndege. Mawe yale yana urani nyingi kuliko mawe ya kawaida. Mkulima atiaye mbolea yake shambani kwa uangalifu hana sababu ya kutishika. Lakini yule apondaye mawe na kuvuta vumbi kila siku yu katika hali nyingine, naye astahili kinga ya pua, maji ya kuoga, na kupimwa. Kumnyima hayo ni dhuluma, hata akilipwa mshahara mzuri.

Na huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, ilikokusudiwa kuchimbwa urani yenyewe karibu na Mto Mkuju, twauliza neno moja: mabaki yatalindwa na nani kampuni ikishaondoka? Mionzi yake hudumu maelfu ya miaka. Jibu liandikwe kwa Kiswahili, lisomwe mbele ya wanavijiji, kabla machimbo hayajaanza kazi kamili.