SOMO LA WANACHAMA: MTOTO MWENYE PUMU ASIFUNGIWE NDANI



Kila mkaguzi wa daftari za mikopo hujua kwamba nyuma ya deni lisilolipwa mara nyingi yuko mgonjwa. Pengine mgonjwa huyo ni mtoto mwenye pumu. Hapa Magu, wazazi wengi kwa huruma humkataza mtoto huyo kukimbia na wenziwe, wakamketisha ndani mbele ya televisheni au simu. Ulinzi wa namna hiyo humdhuru.

1. Pumu ni nini?
Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa kijiji. Kwa mwenye pumu, sungusungu hao hupiga mwano hata apitapo mgeni asiye na hatia. Vumbi, moshi au mafua vikiingia, njia za hewa huvimba, hujaa ute na misuli yake hubana. Pumu haiambukizi, wala haitokani na kurogwa.

2. Hatari za ndani
Aliyefungiwa ndani huvuta moshi wa kuni na, wakati wa msimu, vumbi la pamba iliyorundikwa chumbani. Nje nako, akae mbali masalia ya pamba yachomwapo.

3. Michezo na televisheni
Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 acheze na kujishughulisha dakika zisizopungua 180 kwa siku, 60 kati ya hizo zikiwa za nguvu. Televisheni na simu zisizidi dakika 60. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliotazama televisheni zaidi ya saa 2 kwa siku walipata pumu baadaye karibu mara mbili ya wenzao. Hilo halithibitishi kwamba televisheni huleta pumu, lakini latuonya juu ya kuketi mno. Michezo huimarisha moyo na mapafu. Mtoto aanze polepole, apumzike akikohoa, na dawa yake iwe karibu.

4. Dawa
Dawa za kuvuta ni za aina mbili: ya kufungua kifua kilipobana, na ya kutuliza uvimbe, itumiwayo kila siku kama alivyoagiza mganga, hata mtoto akiwa mzima. Mtoto mdogo huhitaji chombo cha kuvutia. Uchunguzi wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, hufaa. Mwulizeni mganga awaonyeshe. Mbavu zikididimia, mtoto akishindwa kusema au kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

5. Wajibu wa chama
Katibu apokee pamba mapema ili isilale vyumbani. Halmashauri ifikirie mfuko mdogo wa usafiri wa dharura. Chama kilichoundwa ili mnyonge asisimame peke yake hakina budi kumkumbuka na mtoto huyu.

Maswali ya kujadili mkutanoni:
(a) Ni kaya ngapi katika chama chetu hulaza watoto pamoja na pamba?
(b) Mtoto akibanwa kifua usiku, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali, na nani atalipa?
(c) Uwanja wa watoto kuchezea uko wapi kijijini?