Yangeyange wa Chwaka: simama wapi, upime nini

Mpiga picha mgeni hufika Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, alfajiri kwa kuwa ameambiwa asubuhi ndiyo yenye mwanga mzuri. Kwa yangeyange wa hapa, ushauri huo haufai. Ufuko wa Chwaka unatazama mashariki; jua la saa 1 linakupiga usoni, na ndege mweupe anabaki kivuli. Asubuhi tazama samaki wakinadiwa dikoni, halafu subiri hadi saa 10 alasiri, jua litakapokuwa mgongoni mwako, upande wa kijiji. Anayeing'ang'ania asubuhi avuke ghuba kwa boti hadi Michamvi Kae, ambako ufuko unatazama magharibi. Kwa gari utazunguka kote Jozani na Paje.

Ukishajua jua liko wapi, uliza maji. Yakipwa, ghuba hubaki michanga na matope hadi mbali, na ndege wanayafuata hukohuko. Yakijaa, huwasogeza kwenye mikoko. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 alasiri. Siku mbili tatu baadaye hujaa kuelekea magharibi. Hizo ndizo jioni za kuchagua, ila panga mapema gari la kukurudisha Mjini.

Sasa kamera. Kipimo chake cha mwanga hakijui kitu cheupe. Hutaka kila picha iwe kijivu. Yangeyange akisimama mbele ya mikoko, kamera huona giza, huongeza mwanga, na manyoya yanaungua yakawa kama karatasi tupu. Hapo, kwa kitufe cha fidia ya mwanga, shusha hadi −1. Huyohuyo akiruka akatua kwenye mchanga mweupe, kamera hupunguza mwanga na ndege anafifia: pandisha hadi +1. Ndege ni yuleyule na jua ni lilelile, basi kwa nini uhangaike na kitufe? Mimi naona bora upange mwenyewe kila kitu. Jua likiwaka, anza na f/8, ISO 400 na kasi ya 1/3200. Likishuka, punguza kasi kidogo kidogo huku ukitazama histogramu, kilima chake kisogelee ukingo wa kulia bila kuugusa. Piga RAW. Kivuli unaweza kukifungua baadaye. Weupe ulioungua umekwenda.

Pwani hii ina yangeyange wa jamii moja wenye rangi mbili, weupe na wa kijivu cheusi. Ukiwapata pamoja, pima mweupe. Na usifyatue haraka: akiwinda hutikisa mguu majini kushtua visamaki, na akiuinua vidole vyake vya manjano huonekana.

Wanawake wanaolima mwani huwa kwenye maji hayohayo. Lenzi ndefu unayomlengea ndege aliye nyuma yao huonekana inawalenga wao. Wasalimie kwanza, waambie unapiga nini, na usikanyage kamba zao.