Soma Kwanza, Chambua Baadaye

Mchungaji, nina Biblia yenye maelezo chini ya kila ukurasa, kamusi, na programu mbili kwenye simu. Nikianza mstari mmoja, saa nzima inaishia kwenye maelezo. Nakosea wapi?

Vitabu hivyo havina ubaya, ila vimekuja kabla ya zamu yao. Kesho alfajiri zima simu, fungua Marko 10:46–52, habari za Bartimayo. Ni mistari 7 tu. Isome kwa sauti, polepole, kisha irudie.

Wachambuzi watakuambia kwamba Mathayo anataja vipofu wawili, na kwamba kwa Luka Yesu alikuwa anakaribia Yeriko, ilhali kwa Marko alikuwa anatoka. Hoja hizo ni za kweli na zina siku yake. Ukianza nazo, huenda usilione lile vazi. Bartimayo analitupa, anaruka, anamwendea Yesu. Ombaomba asiyeona anatupa nguo ambayo, asipopona, atarudi kuitafuta kwa kupapasa! Kisha Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Simama hapo, ujibu wewe. Taja jambo kwa jina lake: ada ya mtoto, kidonda kisichopona, kinyongo na wifi yako. Umeshaanza kusali.

Huo si uvivu wa kufikiri?

Jaribu kukaa na mistari hiyo 7 nusu saa ndipo uniambie. Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa Ufaransa katika karne ya 12, aliandika juu ya ngazi yenye vipago 4: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, huchapa andiko la kila siku tangu 1731. Watu wa Rungwe, walikofika wamisionari wao mwaka 1891, hawahitaji kuelezwa na mimi maana ya kubeba neno moja hadi shambani.

Basi nifungue popote kidole kitakapoangukia?

Hapana, hiyo ni ramli. Soma kitabu kwa mfululizo. Marko ina sura 16, na sura moja kwa siku haimshindi mtu. Wala namba zisikukatishe: Marko hakuziweka yeye. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Habari ikivuka sura, ifuate.

Nikikwama je?

Tia alama ya penseli, uendelee. Swali lipeleke kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba. Mara nyingi kuna bibi mmoja kule anayelijua jibu. Lakini ukitaka kuacha dawa za presha au kumfukuza mkeo kwa sababu ya mstari mmoja, hapo maelezo yafunguliwe yote, na daktari aulizwe pia.