Dondoo Muhimu: Kuzuia mathenge usimeze malisho ya Kapedo

Mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, ulipandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Sasa unaziba malisho hadi Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana. Ukiuona karibu na boma lako:

- Ng'oa miche ingali michanga, mvua ikishalainisha udongo.
- Mti mkubwa usiukate juu ya ardhi. Hapa ndipo wengi hukosea: kisiki huchipua mashina mengi na kichaka kurudi kizito kuliko awali. Chimba, ukate mzizi sentimita 30 hivi ndani ya udongo.
- Okota maganda yake kabla mbuzi hawajayafikia. Mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na kuota penye kinyesi.
- Ukitaka kuwalisha, yasage hadi mbegu zivunjike, uyachanganye na nyasi. Maganda peke yake kwa muda mrefu huwaharibu meno, na mbuzi asiye na meno hufa njaa penye majani.
- Anza kung'oa kwenye kingo za Mto Suguta na za laga, yaani mito ya msimu. Mafuriko hubeba mbegu.
- Vaa viatu vigumu: mwiba wa mathenge hutoboa hata tairi.
- Mti wa ewoi (mgunga) usiuguse kamwe. Huo ni wetu, ni kivuli na chakula cha mifugo.
- Ukitaka kuchoma makaa ya mathenge, tafuta kibali kwanza.