Kusokota sufu ya sweta kwa mkono

Uzi wa kufumia sweta unatakiwa uwe laini shingoni, uwe mviringo badala ya bapa, na uvutike kisha urudi ulivyokuwa. Uzi wa zulia haudaiwi lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kustahimili nyayo. Ndiyo maana msokotaji hodari wa uzi wa mazulia, kama walivyo wengi Nanyuki, ambako wanawake wamekuwa wakisokota sufu kwa mkono katika vikundi tangu miaka ya 1970, anaweza kutoa uzi mzuri kabisa ambao ukifumwa sweta unakwaruza ngozi na kuifanya nguo iende upande. Ufundi wa mikono ni ule ule. Kinachobadilika ni sufu inayochaguliwa, kiasi cha msokoto, na idadi ya nyuzi zinazosokotwa pamoja.

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki hawafai kwa kazi hii. Kondoo wekundu wa Wamaasai na wale wa Kisomali wenye vichwa vyeusi wana nywele, na nywele hazishikamani zinaposokotwa. Sufu hasa inatoka nyanda za juu zenye baridi: Molo, Nyandarua, Timau na sehemu za Laikipia, kwa kondoo ambao asili yao ni ya kigeni. Merino ndiye mwenye sufu laini kuliko wote, lakini historia yake Kenya ilianza vibaya. Mlowezi Lord Delamere alipojaribu kumfuga Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kondoo wengi walidhoofika na kufa, na baadaye ikajulikana kwamba malisho ya huko yalikosa madini, hasa kobalti. Corriedale, aliyezalishwa New Zealand katika karne ya 19 kwa kuchanganya merino na kondoo wa sufu ndefu wa Uingereza, ameizoea hali ya nyanda za juu vizuri zaidi, na kwa anayejifunza kusokota ndiye wa kuanza naye. Nyuzinyuzi zake ni ndefu kiasi cha kushikika vizuri mkononi, tena zina mawimbi ya kutosha kuupa uzi uwezo wa kuvutika.

Unene wa nyuzinyuzi hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Merino kwa kawaida huwa chini ya mikroni 24, Corriedale kati ya 25 na 31 hivi, na Romney, aina nyingine ya kondoo wa sufu, hupita 30. Ngozi ya binadamu huanza kuwasha pale nyuzinyuzi zenye unene wa mikroni 30 na zaidi zinapokuwa nyingi, kwa kuwa ncha zake hazipindi zikigusa mwili bali hudunga. Romney basi inafaa koti au soksi, lakini sweta ya mtoto isokotwe kwa sufu nyembamba zaidi. Kupima hakuhitaji maabara: kishungi cha sufu kikisuguliwa taratibu shingoni, chini ya sikio, jibu linapatikana papo hapo.

Sufu mbichi hukaguliwa kabla ya kulipiwa. Kishungi hushikwa ncha zote mbili na kuvutwa kwa ghafla karibu na sikio. Kikitoa mlio safi, sufu ni imara. Kikipasuka-pasuka au kukatikia katikati, kondoo aliugua au alishinda na njaa wakati sehemu hiyo inaota, na uzi wake utakatika kila mara. Baada ya mwaka wa ukame kasoro hii ni ya kawaida. Kasoro nyingine hutokana na mnyoaji anayepitisha mkasi mara mbili mahali pamoja na kuacha vipande vifupi. Vipande hivyo havipotei katika hatua zinazofuata. Hugeuka kuwa vinundu kwenye uzi, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuviondoa baadaye. Sehemu za tumboni, miguuni na mkiani hutengwa kwa matumizi mengine.

Kati ya theluthi na nusu ya uzito wa sufu mbichi ni mafuta, jasho na uchafu, na vyote hutoka kwa kufuliwa. Maji yawe moto wa nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi kidogo, yenye sabuni ya kuoshea vyombo, na sufu izamishwe bila kukorogwa. Hapo ndipo wengi wanapoiharibu. Kila unyoya umefunikwa na magamba madogo, na joto, maji na msuguano vikikutana magamba hayo hukamatana hadi sufu yote inakuwa bonge moja lisilotenganishika. Basi sufu huwekwa ndani ya maji yaliyokwisha kuchanganywa na sabuni, haimwagiwi maji ya bomba juu yake, na huachwa dakika 20 hivi. Inatolewa kabla maji hayajapoa, kwa sababu mafuta yaliyoyeyuka hurudi kuganda kwenye sufu, kisha huhamishiwa kwenye maji mengine ya joto lile lile. Kusuuza mara mbili au tatu kunatosha. Hukamuliwa kwa kubanwa tu, bila kusongolewa, na kuanikwa kivulini juu ya wavu.

Baada ya kukauka sufu huchambuliwa kwa vidole na kuchanwa. Njia ya kuchana ndiyo inayoamua tabia ya nguo. Vibao viwili vyenye meno madogo ya waya huitandaza sufu na kuzikutanisha nyuzinyuzi kutoka kila upande, kisha sufu huviringishwa kuwa mkunjo mwepesi. Uzi unaotokana na mikunjo hiyo hubeba hewa nyingi, kwa hiyo ni mwepesi na wenye joto, ila huota vidonge haraka sehemu za kwapa na viwiko. Machanuo yenye meno marefu ya chuma hufanya kinyume: hulaza nyuzinyuzi zote upande mmoja na kuacha fupi nyuma, na uzi wake hutoka mtelezi, mzito na wa kudumu. Kwa sweta ya kuvaliwa kila siku kwenye baridi ya Limuru au Njombe, uzi wa mikunjo ndio bora. Uzi wa machanuo uwekwe kwa ajili ya soksi na nguo za michoro inayotakiwa kuonekana wazi.

Kifaa cha zamani zaidi cha kusokotea ni kijiti chenye kisahani cha uzito, na pwani ya Afrika Mashariki ilikijua kwa ajili ya pamba muda mrefu kabla ya sufu kufika bara. Katika magofu ya Kilwa na Shanga vimepatikana vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo ndivyo vilivyokuwa uzito wa vijiti hivyo. Gurudumu lilikuja kuongeza kasi tu, kanuni haikubadilika. Anayejifunza hunufaika kuanza na kijiti kwa sababu kinasimama mkono unaposimama, wakati gurudumu huendelea kusokota hata msokotaji akiwa bado anajiuliza afanye nini.

Kitendo chenyewe kina sehemu mbili, kuvuta na kusokota, na taabu yote ya mwanzoni hutokana na kushindwa kuzitenganisha. Mkono wa mbele hubana uzi mahali msokoto unapoishia. Mkono wa nyuma huvuta sufu kidogo, mbele ikapungua unene. Ndipo mkono wa mbele hulegea na kuteleza kuelekea nyuma, msokoto ukaingia kwenye sehemu iliyovutwa. Msokoto ukipita na kufika kwenye sufu ambayo bado haijavutwa, nyuzinyuzi hufungana na hazivutiki tena. Nafasi kati ya mikono miwili inategemea urefu wa unyoya: mikono ikikaribiana mno, kila mkono unashika ncha moja ya unyoya ule ule na hakuna kinachosogea, ikiachana mno, uzi unakatika. Kipande kipya huunganishwa kwa kutandaza ncha zote mbili kama feni na kuzilaza moja juu ya nyingine kwa sentimita 8 au 10 kabla ya msokoto kuingia.

Msokoto hukimbilia mahali pembamba. Kwa hiyo uzi usio sawa huwa mgumu kama waya sehemu nyembamba na kulegea sehemu nene, na tofauti hiyo huonekana zaidi baada ya kufumwa. Mahali pene panarekebishwa kwa kushika pande zake zote mbili, kuusokotoa uzi kidogo upande wa nyuma, na kuvuta. Kufanya hivyo kila mara kunachosha, na si kila unene unastahili kusumbukiwa, kwani nyuzi tatu zikikutana kasoro ndogo humezana.

Kiasi cha msokoto hudhibitiwa kwa hesabu rahisi. Gurudumu ambalo mkanyago wake mmoja huizungusha bobini inayopokea uzi mara 8 litaupa uzi mizunguko 16 kwa mikanyago miwili. Katika muda huo, msokotaji akivuta sentimita 6, kila sentimita hupata mizunguko kati ya miwili na mitatu, kiasi kinachofaa uzi mwembamba wa kusokotwa tatu pamoja. Akivuta sentimita 3 tu, msokoto unakuwa mara mbili, na hapo ndipo uzi wa sweta unapogeuka uzi wa zulia. Hofu ya uzi kukatika huwafanya wanaoanza wasokote kupita kiasi. Dawa yake ni kubana mkanda wa gurudumu kidogo ili uzi uingie kwenye bobini kwa kasi zaidi, kuliko kujilazimisha kukanyaga polepole.

Uzi mmoja uliosokotwa una nguvu ya kutaka kujisokotoa. Ukifumwa ulivyo, vitanzi vyote vinavutwa upande mmoja na nguo huenda mshazari, mshono wa ubavuni ukaishia karibu na kitovu. Wasokotaji wa kawaida huzungusha gurudumu kuelekea kulia wakisokota uzi mmoja mmoja, kisha huzungusha kuelekea kushoto wakisokota nyuzi mbili au tatu pamoja, na nguvu mbili zinazopingana zikatulizana. Msokoto wa pili unakuwa mdogo kuliko wa kwanza, mara nyingi nusu yake hadi theluthi mbili. Kipimo chake hakihitaji hesabu: uzi ukiachwa uning'inie kama kitanzi na usijizongoe, umepata mizani. Kipimo hiki hutumika na uzi uliosokotwa siku hiyo hiyo, kwa sababu uliokaa kwenye bobini huonekana mtulivu hadi uguse maji.

Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja zinatoa uzi wenye mashimo kidogo pembeni, unaofaa shali zenye matundu. Ndio uliotumika Shetland kufumia shali nyembamba ambazo sifa yake ilikuwa kupita ndani ya pete ya ndoa. Nyuzi tatu zinatoa uzi mviringo unaojaza kitanzi, usioota vidonge haraka, na ambao sindano haiupasui. Kwa sweta ni tatu, isipokuwa pale ambapo sufu ni haba. Ubaya wake ni kazi. Sweta ya mtu mzima ya unene wa kati huhitaji mita 1,000 hadi 1,400 za uzi. Mita 1,200 za nyuzi tatu ni mita 3,600 za uzi mmoja, na kwa kuwa msokoto wa pili huufupisha uzi, msokotaji hukaribia kilomita 4 kabla hajashika sindano. Kwa uzito ni gramu 600 hadi 800 za sufu safi, maana yake sufu mbichi isiyopungua kilo moja na nusu pamoja na ya akiba.

Uzi uliokamilika huzungushwa kwenye fremu au mgongo wa kiti uwe shada, ukafungwa sehemu nne kwa uzi wa pamba uliolegezwa, na kuloweshwa katika maji ya moto yenye sabuni kidogo. Hapo huvimba na kuonyesha unene wake halisi. Shada hukamuliwa kwa taulo, hupigwa mara chache ukutani ili msokoto usambae, na kutundikwa bila uzito wowote. Kuning'iniza kitu kizito chini yake huufanya uzi uonekane mnyoofu, lakini unyoofu huo ni wa muda: sweta ikifuliwa mara ya kwanza uzi hurudi ulivyokuwa na nguo hubadilika umbo.

Sindano huchaguliwa kwa kuuzungusha uzi juu ya rula bila kuuvuta. Mizunguko 10 ikijaza sentimita 2.5, uzi una unene wa milimita 2.5 hivi, na sindano ya mara mbili ya unene huo, milimita 5, ni mahali pa kuanzia. Kisha hufumwa kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kinafuliwa, kinakauka, ndipo vitanzi vinahesabiwa. Kipande kikilala mshazari, nyuzi zirudishwe kwenye gurudumu na kupewa msokoto zaidi wa kushoto, au wa kulia ikiwa umezidi. Kazi ya siku moja inaokoa ya mwezi mzima.

Mashada ya mkono hayafanani hata yakitoka kwa kondoo mmoja, kwani mkono wa asubuhi si wa jioni. Yapangwe kwa unene kabla ya kuanza, na mashada mawili yafumwe kwa zamu, mistari miwili ya hili na miwili ya lile, ili tofauti zisijenge mistari kifuani. Mazito kidogo yaende kwenye mgongo na mapindo, membamba kwenye mikono. Gramu 20 au 30 za mwisho zibaki bila kufumwa, zifungwe pamoja na kishungi cha sufu mbichi ya asili, kwa ajili ya viwiko vitakavyotoboka.