Ukitaka Gitaa la Zamani la Tanga Kwenye Biti Yako

Kama unaishi Hale, una kompyuta mpakato na hamu ya kutengeneza biti za hip hop, jua kwamba una hazina karibu. Mkoa wetu wa Tanga ndio uliozaa Jamhuri Jazz Band na Atomic Jazz Band, bendi zilizovuma Afrika Mashariki yote miaka ya 1960 na 1970. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila Saidi. Vijana wengi wakisikia rapa wa Marekani akighani juu ya jazi hujiuliza kama nao wanaweza kuchukua gitaa la Atomic wakalitia kwenye wimbo wao. Inawezekana. Ila njia ziko zaidi ya moja, na baadhi yake huwezi kuzipita bila ruhusa.

Tuanze na neno utakalolisikia studio, kusampo. Kusampo ni kukata kipande cha wimbo uliokwisha kurekodiwa, pengine sekunde tano za gitaa au mlio mmoja wa tarumbeta, kisha kukitumia ndani ya wimbo mpya. Ukikirudisha tena na tena, hiyo ndiyo lupu. Jambo hili si geni kwetu: singeli ya mitaa ya Manzese na Tandale ilianza na maprodyuza waliochukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuviongeza kasi.

Je, lazima ukate? Hapana. Njia ya kwanza ni kuvutwa na mtindo tu, na mtindo hauna mwenyewe. Yale magitaa mawili yanayojibizana, besi inayotembea polepole, tarumbeta zinazoingia wimbo unapochanganya: vyote hivyo ni ruhusa kujifunza na kupiga kwa namna yako, bure, bila kumuuliza mtu. Sheria inalinda wimbo wenyewe, yaani melodi, maneno na rekodi. Hailindi ladha. Kwa anayeanza naona hii ndiyo njia bora, maana inakulazimisha usikilize kwa makini badala ya kunakili.

Njia ya pili ni kuupiga upya. Ukiipenda melodi fulani, mtafute mpiga gitaa aipige tena studio. Hapo utahitaji ruhusa ya mtunzi, lakini mwenye rekodi ya zamani hahusiki kwa sababu hujaigusa rekodi yake. Bora zaidi ni kumwalika mkongwe apige kitu kipya kabisa. Mwaka 1991 kundi la A Tribe Called Quest la New York lilimwita Ron Carter, mpiga besi mkubwa wa jazi, apige kwenye albamu ya The Low End Theory. Hapa jirani, rapa MwanaFA wa Muheza aliwashirikisha Kilimanjaro Band, Wana Njenje, katika wimbo wake wa Kama Zamani. Wazee wanaojua kupiga dansi bado wapo Korogwe na Tanga mjini. Nenda kamwamkie mmoja wao, msikilizishe biti yako kwenye simu, halafu zungumzeni malipo kabla hajashika gitaa.

Njia ya tatu ndiyo kukata kipande chenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, na mara nyingi kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni ya utunzi: aliyetunga melodi na maneno. Ya pili ni ya rekodi, ambayo watu wa studio huiita masta: aliyegharimia kurekodi. Ukikata, unahitaji ruhusa zote mbili. Mtunzi akikwambia "chukua tu mwanangu", umepata nusu.

Masta za bendi zetu zimetawanyika. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda hizo leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Nyingine zilitolewa kwenye santuri na kampuni za Nairobi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua kipande chako kimetoka wapi. Ukipata santuri, soma karatasi ya katikati: utaona jina la kampuni, namba ya santuri, na mara nyingi jina la mtunzi. Piga picha, uitunze. Kama wimbo ni wa redio, andika barua TBC ukitaja jina la wimbo na bendi, na useme wazi unataka kuutumia kwa biashara.

Na mtunzi akiwa ameshafariki? Haki haizikwi naye, huingia kwenye mirathi. Mtu wa kuzungumza naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto yeyote utakayekutana naye kwanza. Omba kwa adabu uone barua ya uteuzi. Familia ikiwa haijafungua mirathi, waeleze kwamba jambo hilo mara nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Usimlipe mmoja wao kisirisiri. Kesho ndugu watatu watakuja wakidai hawajui lolote.

Haki hiyo ina mwisho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, kwa mfano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, hivyo nyimbo alizotunga peke yake zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Wimbo ukiwa na watunzi wawili, hesabu huanzia kifo cha yule wa mwisho. Rekodi ina hesabu yake yenyewe, kwa hiyo utunzi ukishaachiwa usidhani na masta imeachiwa.

Kuna uvumi kwamba ukichukua chini ya sekunde saba hutendi kosa. Usiuamini, sheria yetu haina kifungu cha namna hiyo. Marekani, mwaka 2005, mahakama moja ya rufaa ilihukumu kwamba hata sekunde mbili za gitaa la bendi ya Funkadelic zilizotumika kwenye wimbo wa kundi la N.W.A zilihitaji ruhusa. Mahakama nyingine ya rufaa ya huko ilihukumu kinyume mwaka 2016, na mvutano huo wa majaji si mahali pa kuweka wimbo wako wa kwanza. Tazama upande wa pili: kundi la Us3 la London lilipewa ruhusa na Blue Note, kampuni yenye masta, likatumia piano ya Herbie Hancock, na wimbo wao wa Cantaloop ukapigwa dunia nzima.

Ngoma za Wazigua, Wabondei na Wasambaa nazo zimo kwenye sheria hiyohiyo ya mwaka 1999. Ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila, unahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Anza kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya yetu ya Korogwe. Atakuelekeza, na kumuuliza hakulipiwi.

Sasa gharama. Vifaa vya kuanzia vinaweza kuwa bure: Audacity na LMMS kwenye kompyuta, BandLab kwenye simu. Ukitaka FL Studio, inunue. Ya kuiba mara nyingi huja na virusi vitakavyofuta kazi ya mwaka mzima. Ruhusa yenyewe haina bei iliyopangwa. Wengine hutaka fedha ya mkupuo, wengine asilimia ya mapato, wengine vyote viwili. Kama huna fedha, toa asilimia kubwa na useme ukweli.

Kuhusu kukata, jambo moja litakuokolea muda. Bendi za zamani hazikupiga kwa kufuata mashine, hivyo kasi yao hupanda na kushuka. Biti yako ikiwa na mipigo 90 kwa dakika, mipigo 16 ni sekunde 10 na theluthi mbili, lakini kipande cha mipigo 16 ulichokata kwenye santuri kinaweza kuzidi au kupungua. Usikivute chote kwa pamoja. Kikate mara nne, mipigo minne minne, na upange kila sehemu ianze pale ngoma inapogonga. Kata mahali ambapo wimbi la sauti kwenye skrini linavuka mstari wa katikati, usisikike mlio wa "tak". Kisha punguza besi ya zamani ili yako ipate nafasi.

Usiutangulize wimbo YouTube ukitegemea kuomba ruhusa baadaye. Mfumo wao wa Content ID hutambua rekodi zilizosajiliwa humo, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye masta au video ikazuiwa. Ukipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa.

Mkikubaliana, andikeni, hata kama mzee ni jirani yako. Karatasi itaje wimbo uliokatwa na kuanzia sekunde ya ngapi hadi ya ngapi, jina la wimbo mpya, utatumika wapi, malipo ni kiasi gani na asilimia ngapi, na fedha italipwa kila baada ya muda gani. Kila upande usaini, shahidi mmoja kwa kila upande, tarehe, nakala mbili. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Haki yako kwenye wimbo mpya huanza pale unapoutengeneza, lakini uusajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ili uwe na ushahidi. Ulizia ada kabla ya kutuma maombi. Kwenye fomu, jaza jina la mtunzi wa zamani sambamba na lako, na asilimia zilezile mlizoandika kwenye karatasi.